Mashabiki wa AFCON watashukia stendi, siyo KIA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakazi wenzangu wa Arusha, hasa wale wanaokaa vikao vya maandalizi ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika.

Mimi ni dereva wa watalii. Kwa miaka 17 nimeendesha Land Cruiser kwenda Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na kazi yangu huanzia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa wanaowasili na kibao chenye jina la mtu nisiyemjua. Mtu huyo akitoka anaona jina lake, anatabasamu, ananikabidhi begi. Tangu dakika hiyo hadi siku ya kumrudisha hahitaji kujua Arusha iko upande gani wa dunia. Maji nampa mimi. Choo namwonyesha mimi. Atakula wapi na atalala wapi, yote yameshapangwa na kulipiwa kabla hajapanda ndege. Tunajisifu hapa mjini kwamba wageni tumewazoea, na ni kweli tumewazoea. Ila tuliowazoea ni hao.

Agosti 2025 nilipata kuwa mgeni mimi mwenyewe. Nilikwenda Nairobi kutazama fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Jumamosi ya tarehe 30, Moroko na Madagaska. Mashindano yale tuliyaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na kila mtu alijua kuwa ndiyo mazoezi ya AFCON. Timu yetu, Taifa Stars, walikuwa wameshatolewa robo fainali na Moroko hao hao, 1-0, pale uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Iliniuma sana, maana tulianza vizuri kwa kuwafunga Burkina Faso 2-0 siku ya ufunguzi. Nikasema nitakwenda kuwashangilia Madagaska kwa niaba ya Watanzania wote.

Kwa mtu wa Arusha, Nairobi ni jirani. Ni kilomita kama 270, wakati Dar es Salaam ni 600 na ushee. Nilipanda Noah alfajiri, tukapita Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, Longido, saa mbili asubuhi niko Namanga. Pale mpakani sina la kulalamika. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, pasi inagongwa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja, unavuka. Nikachukua matatu, Kajiado, Kitengela, mchana niko mjini.

Taabu ilianza hapo. Gesti niliyoulizia kwa simu siku tatu kabla walinitajia shilingi 1,500 za Kenya. Nilipofika kaunta nikaambiwa 3,000, kwa sababu ya mpira. Nilikuwa na begi mgongoni, sikuwa na namba ya gesti nyingine, nikalipa. Mara mbili ya bei, Mhariri, na chumba ni kilekile, na shuka ni lilelile. Nilipoingia chumbani nilikaa kitandani nikafikiria wenzetu wa hapa nyumbani ambao tayari nimewasikia wakisema kwa furaha kwamba AFCON ikija chumba cha 25,000 kitakuwa cha 100,000. Sikuwahi kuyatilia maanani maneno hayo hadi siku ile nilipoyalipia.

Jambo la pili ni tiketi. Katikati ya mashindano mashabiki walivamia mageti ya uwanja wa Kasarani, Nairobi, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, likaibana Kenya. Mechi yao na Zambia ya makundi iliwekewa kikomo cha tiketi 27,000, tena za kielektroniki tu. Sina ubishi na hilo. Watu wakikanyagana getini hakuna mpira tena, kuna msiba. Lakini maana yake ni kwamba safari yangu yote ilikuwa ndani ya simu. Tiketi ilikuwa humo, ramani humo, pesa humo, namba ya shemeji yangu wa Kitengela aliyenisaidia kulipia tiketi nayo humo. Na simu ile ilikuwa imeamka nami saa kumi alfajiri.

Nilishuka Thika Road ikiwa na asilimia tisa. Nikatembea na umati, nikapita ukaguzi wa kwanza, wakaninyang'anya chupa ya maji, nikasogea. Nilipofika kwa kijana mwenye kimashine cha kuskani, nikanyoosha mkono, kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Aliniambia kwa upole, "Boss, bila kuskani siwezi kukuachilia uingie," akanionyesha nikae pembeni ili wengine wapite.

Nikarudi nje. Nikamkuta kijana mwingine mwenye mkoba wa kifuani uliojaa pawabenki, anatoza shilingi mia kwa robo saa. Mbele yangu kulikuwa na watu wawili, na nyaya alizokuwa nazo hazikutosha. Nikasimama nimeegemea ukuta. Simu ikawekwa chaji, ikaanza kuonyesha lile betri jekundu, na wakati huohuo uwanja ukalipuka. Nilijua ni bao. Sikujua ni la nani. Mama mmoja wa karanga akauliza, "Nani amefunga?" na sisi sote tuliokuwa pale nje hatukuwa na jibu. Baadaye usiku ndipo nilipoliona kwenye simu ileile: Manohantsoa wa Madagaska, dakika ya tisa, shuti la mbali lililokwenda moja kwa moja. Nilisafiri nchi nzima ya Wamasai, nikavuka mpaka, nikalala njaa ya mchana ili nisichelewe, na bao lile nililisikia tu kama ngurumo.

Mpira wenyewe ulikuwa mtamu, sitauelezea wote. Moroko walisawazisha na kuongoza kabla ya mapumziko, Madagaska wakarudisha, na dakika ya 80 Lamlioui akamwona kipa ametoka golini, akaupiga kutoka mbali. 3-2. Nimeona mabao mengi kwenye runinga, lile niliona mpira ukiwa hewani kwa macho yangu, na watu karibu nami wakanyamaza kabla haujatua.

Ninachotaka kukieleza zaidi ni kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike barua hii.

Tulitoka giza limeshaingia. Maelfu ya watu waliingia Thika Road kwa wakati mmoja. Matatu zilikuwa zinapita zimejaa hadi mlangoni, na zile chache zilizosimama nauli ilikuwa imepanda kuliko ya mchana. Makanga walikuwa wanataja bei kwa lugha yao ya mjini, na mimi niliyezaliwa na Kiswahili nilikuwa namwuliza jirani, "Amesema ngapi?" Nikajiuliza huyu Mwarabu wa Moroko na huyu Mmadagaska wanaelewa nini.

Kumbe alikuwepo Mmadagaska mmoja. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, amejifunga bendera yake, nyeupe, nyekundu na kijani, anajipangusa uso. Nikamsalimia kwa Kiingereza, akatikisa kichwa. Nikajaribu Kifaransa. Kifaransa changu ni cha mbugani, nilijifunza kwa ajili ya wageni, najua tembo na twiga na saa ya chakula. Alipokisikia akainuka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Alikuwa amekuja peke yake kutoka Antananarivo. Aliniambia amelia kwa ajili ya mpira, lakini sasa analia kwa sababu hajui anarudije alikofikia. Alichokuwa nacho ni picha ya kibao cha gesti aliyoipiga mchana kabla ya kutoka. Akanipa simu niitazame.

Nikaitazama. Sikujua ni wapi.

Mhariri, mimi maisha yangu yote ya kazi ndiye ninayejua. Mgeni akiniuliza, najibu. Pale nilishika simu ya mtu anayenitegemea na sikuwa na neno la kumwambia. Kulikuwa na magari, taa, askari, polisi wa farasi, lakini hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake usiku ule ilikuwa kuulizwa njia.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anauza mayai na soseji chini ya taa. Aliitazama ile picha, akasema, "Hii ni Ngara." Akamwita mwanawe, mtoto wa kama miaka 13, akamwambia atuvushe. Mtoto akatutangulia juu ya daraja la waenda kwa miguu hadi upande wa pili, ambako magari ya kwenda mjini yalikuwa yanakuja na nafasi. Hakutuacha. Alisimama nasi hadi ikaja moja yenye viti, akamshika makanga mkono: "Hawa ni wageni, uwashushe Ngara, usiwapitishe." Nilimpa shilingi mia, nikamwona kwa dirishani anavuka daraja akimpelekea mama yake.

Nimerudi Arusha nikiwa na deni kwa mtoto yule, na macho yangu ya kutazama mji wetu yamebadilika.

Sisi tutakuwa wenyeji mwaka 2027. Kenya, Uganda na Tanzania tulipewa AFCON mwezi Septemba 2023, na tangu Ethiopia iandae mwaka 1976, ukanda wetu huu umesubiri karibu miaka hamsini. Uwanja wetu wa Olmoti unachukua watu 30,000. Kila ninapopita njia ile nausimamia na kuutazama, na sioni aibu kusema kwamba nimewahi kupiga picha na wanangu mbele ya mabati ya ujenzi. Watoto wetu watawaona Afrika wakicheza hapa, siyo kwenye kibanda umiza. Baada ya Stars kufika 16 bora ya AFCON kule Moroko kwa mara ya kwanza katika historia yetu, nani hataki kuwa karibu na jambo hili?

Lakini ninaposikiliza mazungumzo, kwenye redio, kwenye ofisi za kampuni za utalii, hata kijiweni kwetu, nasikia hoteli za nyota ngapi, vitanda vingapi, ndege ngapi zitatua KIA, na vifurushi vya "mechi na mbuga". Hayo ni mazuri, mimi mwenyewe yatanipa kazi. Ila shabiki wa mpira wa Afrika namjua sasa, nimelala naye gesti moja. Huyo hatapanda teksi ya dola 50 kutoka KIA. Atatoka Nairobi kwa basi au matatu, kwa sababu Nairobi nako kuna mechi na barabara ya Namanga ndiyo fupi. Atatoka Kampala akiwa amekaa kitini usiku kucha. Atatoka Dar, Singida, Mwanza. Atashuka stendi ana begi dogo, bendera na simu yenye asilimia tisa, na hapatakuwa na mtu ameshika kibao chenye jina lake.

Jumapili moja mwezi uliopita niliamua kumfanyia mazoezi mgeni huyo. Nilimchukua mwanangu wa kwanza, nikaacha gari nyumbani Sakina, tukaenda stendi kuu tukajifanya ndiyo tumeshuka. Sharti letu lilikuwa tusitumie tunachokijua, tufuate maandishi tu. Hatukufika mbali. Sikuona kibao kilichoandikwa uwanja uko wapi. Daladala zetu zimeandikwa Kwa Mrombo, Sanawari, Kisongo, Njiro, na majina hayo ni yetu, tumeyazoea tangu tukiwa wadogo, lakini mtu wa Dakar atajuaje ni lipi linakwenda kwenye mpira? Tukauliza. Boda wa kwanza alitaja 3,000, wa pili 5,000, na wa tatu, aliponisikia nauliza kwa Kifaransa cha kujifanya, akataja 20,000. Simtaji kijana yule na wala simchukii, ana watoto kama mimi. Lakini mwanangu aliniangalia, akaniuliza, "Baba, na wewe huko Nairobi walikufanyia hivi?" Nikamwambia ndiyo.

Tulifika uwanjani kwa kuuliza watu wanne. Njiani nilihitaji choo. Nikanunua soda kwenye duka nisilohitaji kununua kitu, ili niombe choo cha nyuma. Mimi ni mwanamume. Fikiria mama amekuja na binti yake.

Na hiyo ilikuwa mchana. Mechi hizi nyingine huchezwa usiku. Ile ya Stars na Burkina Faso ilianza saa mbili. Mpira ukianza saa mbili, unaisha karibu saa nne, ukiongeza muda na penalti ni saa tano. Kila mkazi wa Arusha anajua hali ya daladala zetu saa tano usiku. Zimelala. Watu 30,000 watatoka Olmoti waende wapi, na nini? Wenye Land Cruiser watachukuliwa. Bodaboda zitachukua wachache kwa bei ya mnada. Wengine watatembea gizani kwenda mjini wasikokujua, wana simu mikononi na pesa ya kigeni mfukoni, na sisi tunajua vibaka wetu.

Kwa hiyo naomba mambo haya yawekwe mezani kwenye vikao hivyo, tena mapema. Daladala za usiku ziwekewe mpango na nauli ibandikwe kwa maandishi makubwa stendi na uwanjani. Viongozi wa bodaboda na bajaji waitwe kikaoni kama wanavyoitwa wenye hoteli, maana wao ndio mgeni atakaokutana nao kwanza, na wakikubaliana bei wenyewe wataisimamia vizuri kuliko amri ya kushushiwa. Wenye gesti wa Kilombero, Sombetini na Kaloleni waandike bei zao wazi sasa hivi. Nje ya mageti, kabla ya ukaguzi, ziwekwe meza za kuchaji simu, zilindwe, hata kwa malipo kidogo. Vyoo na maji viwepo njiani, siyo ndani ya uwanja tu. Na pale Olmoti wapo kina mama wanaouzia mafundi wa ujenzi chakula tangu kazi ianze. Nawasihi wakubwa wasiwafukuze siku ya mechi kwa jina la usafi. Aliyenionyesha njia Kasarani hakuwa na kitambulisho shingoni, alikuwa na sufuria ya mayai.

La lugha nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo jepesi kwetu kuliko miji yote ya ukanda huu. Arusha ina mamia ya waongoza wageni wanaosema Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, na wapo wa Kirusi na Kichina. Mji huu ulikaa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kwa karibu miaka 20 hadi ilipofungwa mwaka 2015, na wauzaji wa Soko Kuu wa wakati ule waliokota Kifaransa cha bei na cha salamu ambacho hawajakisahau. Timu nyingi zitakazokuja huenda zikawa na mashabiki wa lugha hiyo, na wengine wa Kiarabu na Kireno. Tuwekwe stendi kwa zamu, sisi ambao siku hiyo hatuna safari. Mimi najitolea wa kwanza na sihitaji posho, nipewe fulana tu ili watu wajue wa kumwuliza. Nimeshazungumza na wenzangu kijiweni, saba wamekubali.

Yule rafiki wa Antananarivo tunaandikiana hadi leo. Anasema atakuja 2027, Madagaska wafuzu wasifuzu, kwa sababu hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro na kwa sababu nilimwahidi nyama choma. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe akiniomba nimwandikie safari nzima, hatua kwa hatua, kutoka Nairobi hadi kwenye kiti chake uwanjani na kurudi alikolala, ili aihifadhi kwenye karatasi, siyo kwenye simu. Nimekaa na kalamu jioni mbili. Nimemwandikia Nairobi hadi Namanga, dirisha la pasi, mahali pa kubadilisha pesa, Longido, Ngaramtoni, hadi stendi. Nimemwandikia hata rangi ya jengo la kushukia. Kutoka hapo karatasi bado ni nyeupe, kwa sababu sijui nimwambie apande gari gani kwenda Olmoti, wala lipi litamrudisha usiku mpira ukiisha.

Wenu,
Dereva wa watalii,
Sakina, Arusha